Neno limekukera sawa, ila aliyelisema amekukosea nini?

Ndugu zangu habari za saa hizi, nashukuru kwa nafasi hii na kwa kuwa muda wenyewe ndo huo sitazunguka, naingia moja kwa moja na neno ambalo najua humu ndani kuna watu wakilisikia tu wanakunja sura. "Irregardless". Eeh, nimeona, tayari kuna wawili watatu wameguna. Maana yake ni bila kujali, yaani maana ileile ya "regardless", na wanaolichukia wanasema linakanusha mara mbili, kuna "ir" mbele na kuna "less" nyuma, sasa wanauliza vyote viwili vinatafuta nini kwenye neno moja, na wapo wanaoenda mbele zaidi wanakwambia kwa ukali kabisa kwamba hilo sio neno, halipo.

Lipo, na lipo siku nyingi. Merriam-Webster, wale wa kamusi kule Marekani, wamelifuatilia mpaka mwaka 1795 na kwenye kamusi yao limo tangu 1934. Wameliwekea alama kwamba si sanifu, wanamshauri msomaji atumie "regardless", lakini wameliacha humo kwa sababu watu wanalisema na wanaoambiwa wanaelewa, na kamusi kazi yake ni kuandika yanayosemwa. Mwaka 2020 watu wakaliona humo wakaja juu kweli kweli, wengine wakasema lugha imekwisha, utadhani limeingizwa wiki ile, kumbe limekaa humo miaka 86 na Kiingereza kinaendelea na safari yake.

Na hiyo hoja ya kukanusha mara mbili tuitazame kidogo maana ndo inayorushwa kila siku. "Flammable" ni kitu kinachoshika moto, "inflammable" nacho ni kitu kinachoshika moto. "Ravel" ni kufumua, "unravel" ni kufumua. "Bone" kama uko na samaki ni kumtoa mifupa, na "debone" ni kumtoa mifupa vilevile. Sijawahi kuona mtu amekosa usingizi kwa ajili ya hayo. Kwahiyo hesabu ya vikanushi sio inayotukera, ingekuwa hiyo tungekasirika na yote. Kinachotukera ni picha tuliyonayo kichwani ya mtu anayelisema, tumeshaamua hajasoma, na neno ndo tunalitumia kumpima.

Nilichokuja kusema nakisema sasa hivi nisije nikakichelewesha. Kukerwa na neno ni haki yako, mimi mwenyewe yapo yananikera na nitayataja, lakini hasira zetu nyingi tunazipeleka kusikohusika. Tunamkaba koo mtu anayesema ukweli wake kwa Kiingereza cha kwao, halafu tunampisha njia mtu anayeficha uovu kwa Kiingereza kilichonyooka, kisicho na kosa hata moja la sarufi. Hilo ndo linaloniuma mimi, na ndo maana nikakubali kuja kusimama hapa.

Tuanze na hizi kanuni zenyewe zilikotoka, maana wengi tulifundishwa kana kwamba zilishuka na lugha. Chukua hii ya "less" na "fewer". Mtu akisema "less people" unakuta mwenzake anamkata kauli katikati, "fewer!", vitu vinavyohesabika ni "fewer". Hiyo kanuni tunaijua ilikoanzia, kuna mtu aliitwa Robert Baker, mwaka 1770 aliandika kwamba yeye anaona "fewer" inapendeza zaidi na ni sahihi zaidi. Anaona. Ilikuwa maoni yake, akayasema kistaarabu kabisa, waliokuja baada yake ndo wakayageuza sheria. Wakati huohuo tuna maandishi ya Alfred, mfalme wa Uingereza ya kale, karne ya 9 huko, ameshatumia "less" kwa maneno yanayohesabika, miaka karibu 900 kabla Baker hajashika kalamu. Na mwaka 2008 duka kubwa la Tesco la Uingereza likabadilisha mabango kwenye kaunta zake za haraka, yale ya "10 items or less", kwa sababu watu walilalamika kuhusu sarufi, wakaandika "Up to 10 items" wakaachana na ugomvi. Fikiria muda wa watu uliotumika hapo.

Ya kutomaliza sentensi na kihusishi, "from", "with", "to" na wenzake, hiyo ni mshairi John Dryden, 1672, alikuwa anamkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson ambaye wakati huo ameshafariki siku nyingi. Dryden alijali kiasi kwamba baadaye akarudi kwenye maandishi yake mwenyewe akaanza kuzisahihisha sentensi za namna hiyo. Ya kukanusha mara mbili ilitiliwa nguvu na askofu Robert Lowth kwenye kitabu chake cha sarufi cha miaka ya 1760, kwamba vikanushi viwili vinauana, wakati Chaucer, ambaye Waingereza wenyewe wanamhesabu baba wa ushairi wao, alikuwa anavirundika vitatu vinne kwenye sentensi moja na kila aliyemsikia alielewa amekana tu, kwa mkazo.

Lakini wa kukaa naye ni Jonathan Swift, huyu nampenda kwa sababu alikuwa mwandishi hodari kuliko karibu wote wa zama zake na bado akakosea utabiri vibaya. Septemba 1710 aliandika kwenye gazeti la The Tatler la London kulalamika kwamba Kiingereza kinaharibiwa. Maneno yaliyomkera ni yapi? "Mob", kundi la watu wenye vurugu, kwa sababu ni ufupisho wa Kilatini "mobile vulgus" na aliona watu wavivu wanakata maneno. "Banter", utani wa kurushiana maneno. "Rep", kufupisha "reputation". Akasema amepigana miaka kadhaa kuyazuia "mob" na "banter" lakini wingi wa watu umemshinda. Halafu akaja na orodha ya maneno marefu yaliyoletwa na vita vya wakati ule, akatabiri kwamba hayatamaliza vita vingi zaidi yatakuwa yamekufa, na humo ndani ya orodha kuna "operations", kuna "ambassadors", na kuna "communication". Communication! Leo mtu anasomea digrii ya hiyo kitu. 1712 akapeleka pendekezo kwa serikali paundwe chombo cha kuilinda lugha isibadilike tena, kama Wafaransa walivyokuwa na akademia yao tangu 1635, na hakikuundwa.

Samuel Johnson, yule wa kamusi kubwa ya 1755, yeye alianza kazi akitamani hichohicho, kuifunga lugha mahali pake, akaifanya kazi miaka, alipofika kuandika dibaji akakiri kwamba haiwezekani, kwamba mtu wa kamusi anayedhani ataizuia lugha isioze wala kubadilika anastahili kuchekwa. Huyo ni mtu aliyepitia maneno kama 42,000 kwa mkono, sio mtu wa kubahatisha. Na bado 1832 tunamkuta Coleridge, mshairi mkubwa, amekasirishwa na neno "talented". Analiita la kishenzi, anasikitika linatoka magazetini linaingia kwenye majarida ya heshima. Hoja yake ilikuwa huwezi kutengeneza neno kwa kuongeza "ed" kwenye nomino isiyo na kitenzi chake. Kwa mantiki hajakosea sana. Leo mzazi akiambiwa mtoto wako ni "talented" anatabasamu mpaka nyumbani.

Naona hapo mbele mtu ameandika "literally", yaani kihalisi, kwenye daftari na kuipigia mstari, nakufikia dada yangu. Najua linakera, mtu anasema "I literally died" na amesimama mbele yako anapumua. Hiyo matumizi ya kutia chumvi ipo kwenye maandishi tangu 1769, Mark Twain kaitumia, na neno lenyewe linapita njia ambayo wenzake walishapita kitambo. "Very" asili yake ni kweli, ukweli, leo ni sana tu. "Really" vilevile, mtu akisema "really tired" hakuna anayesikia habari za uhalisia hapo. Binadamu akitaka kukazia anachosema anakimbilia neno la kweli, anakwambia kweli kabisa, akilitumia sana linachakaa anatafuta lingine. Kama wewe hulipendi usilitumie, mimi pia silitumii hivyo, lakini aliyesema "literally died" hajakudanganya na wewe hujadanganyika.

Sasa twende kwenye lile linaloumiza watu hasa, maana hayo mengine ni ugomvi wa wasomi na wasomi. Neno "ask", kuuliza. Kuna watu wanalitamka "aks", na kwa Marekani matamshi hayo yanahusishwa sana na Wamarekani weusi, na mtu akisema "can I aks you something" kuna wasikilizaji ambao pale pale wameshafunga masikio, kinachofuata hakisikiki tena, awe anauliza jambo la maana kiasi gani. Lakini ukirudi kwenye Kiingereza cha kale unakuta maumbo yote mawili, "ascian" na "acsian", yanaishi pamoja. Chaucer aliandika "axe". Biblia ya Coverdale ya 1535, ambayo ndo Biblia nzima ya kwanza kuchapishwa kwa Kiingereza, pale kwenye Mathayo 7, ombeni nanyi mtapewa, imeandikwa "axe". Watu wameomba na kusali kwa neno hilo. Baadaye umbo la "ask" likakaa kwa wenye nafasi na lile lingine likabaki kwa wengine, likavuka bahari, likakutana na ubaguzi, na leo mtoto anachekwa darasani kwa matamshi yenye umri wa zaidi ya miaka elfu.

Na kubadilishana sauti hivyo ni kitu cha kawaida kabisa kwenye Kiingereza chao. "Bird" zamani ilikuwa "brid". "Third" inatoka kwenye "three", "r" imehama mahali. "Apron" ilikuwa "napron", "n" ikamezwa na lile "a" la mbele ikawa "an apron". Wote tunaandika hivyo na walimu wanatupa tiki.

Halafu kuna "be". Nisikilizeni vizuri hapa kwa sababu hapa ndo watu wengi wenye elimu nzuri wanakosea. Kwenye Kiingereza cha Wamarekani weusi mtu anaweza kusema "he working", maana yake yuko kazini sasa hivi, na anaweza kusema "he be working", maana yake huwa anafanya kazi, ni kawaida yake. Ni tofauti ya maana, na ina kanuni. Mtafiti mmoja anaitwa Janice Jackson aliwaonyesha watoto picha za wale wanasesere wa televisheni, Cookie Monster anaumwa kalala kitandani, Elmo ndo anakula biskuti. Ukiwauliza watoto nani "is eating cookies", wote, weupe na weusi, wanasema Elmo. Ukiwauliza nani "be eating cookies", watoto waliokulia kwenye lugha hiyo walisema Cookie Monster, kwa sababu wanajua huyo ndo mwenye tabia ya kula biskuti hata kama leo anaumwa. Mtoto mdogo anashika tofauti ambayo mtu mzima anayemsahihisha haioni, halafu mtu mzima ndo anamwambia mtoto hujui lugha.

Mwaka 1979 hili lilifika mahakamani, Ann Arbor, jimbo la Michigan. Wazazi wa watoto weusi walishtaki wilaya ya elimu kwa sababu watoto wao walikuwa wanawekwa kwenye kundi la wenye matatizo ya kujifunza. Jaji Charles Joiner akaamua kwamba walimu kutoitambua lugha ya nyumbani ya hawa watoto kulikuwa kunawazuia kujifunza kusoma, akaiagiza wilaya itengeneze mpango wa kuwasaidia walimu kuitambua na kuitumia hiyo lugha katika kuwafundisha Kiingereza sanifu. Angalieni, hakusema wasifundishwe Kiingereza sanifu. Alisema anzeni pale mtoto alipo.

Na kuna Rachel Jeantel. Wengine mnaikumbuka kesi ya Trayvon Martin, kijana wa miaka 17 aliyepigwa risasi Sanford, Florida, Februari 2012. Rachel alikuwa anaongea naye kwa simu dakika zile za mwisho, yaani hakuna shahidi mwingine aliyesikia alichosikia yeye. Juni 2013, akiwa na miaka 19, akapanda kutoa ushahidi, karibu saa 6 kwa siku mbili, na aliongea lugha yake, huyohuyo binti aliyekuwa pia anajua Kikrioli cha Haiti na Kihispania. Kule nje watu hawakujadili alichosema, walijadili anavyosema, wakamtukana, wakasema hajui Kiingereza, hana akili. Mmoja wa wale wanawake 6 waliokuwa juri akasema baadaye kwamba alikuwa mgumu kueleweka na hakumwona wa kuaminika. Mwanaisimu John Rickford wa Stanford na mwenzake Sharese King wakaja kuuchambua ushahidi ule wakaichapisha kazi yao 2016, wakaonyesha kwamba sarufi yake ilikuwa na mpangilio wa kawaida kabisa wa lugha ya jamii yake, na kwamba kwenye majadiliano ya juri, yaliyochukua zaidi ya saa 16, maneno yake hayakuwa na uzito wowote. Mshtakiwa akaachiwa. Sidai kwamba angeeleweka hukumu ingegeuka, hilo siwezi kulisema, nasema tu shahidi mkuu aliongea karibu saa 6 na akawa kama hajaongea, na chanzo kikubwa ni namna masikio ya watu yalivyozoeshwa kusikia makosa kwenye lugha yake kabla ya kusikia habari aliyoileta.

Kwahiyo mtu akiniambia hii ya kuchukia maneno ni utani tu, ni mambo madogo, namwelewa, ila siwezi kukubaliana naye.

Geuza upande wa pili sasa. "Collateral damage". Iko sawasawa kisarufi, hakuna mwalimu atakayeigusa kwa kalamu nyekundu, na maana yake ni raia waliouawa kwenye shambulio, mama na watoto, wamewekwa ndani ya maneno mawili safi kama ya mtu wa bima. "Enhanced interrogation techniques", hiyo ndo lugha iliyotumiwa na serikali ya Marekani baada ya Septemba 2001 kwa mambo kama kumfunga mtu na kummwagia maji usoni ahisi anazama, na kumnyima usingizi siku nyingi. Kila neno hapo liko kwenye kamusi. Agosti 2014 rais Obama alisimama akasema waziwazi kwamba tuliwatesa watu, na alilisema kwa Kiingereza cha mtaani kabisa, "we tortured some folks", na nadhani hakuna namna nyingine ambayo ukweli ule ungesemeka.

Januari 1987 rais Reagan akihutubia Bunge kuhusu ile kashfa ya serikali yake kuiuzia Iran silaha kwa siri alisema "serious mistakes were made". Itazame hiyo sentensi taratibu. Kiima kipo, kitenzi kipo, wakati uko sawa. Makosa makubwa yalifanyika. Yalifanywa na nani? Hakuna mtu humo ndani, makosa yalijifanya yenyewe. Na bosi anayewafukuza watu kazi anaandika barua nzuri kwamba kampuni inafanya "rightsizing", au "we had to let some people go", kana kwamba watu walikuwa wanaomba ruhusa ya kuondoka naye akawaonea huruma. Mfanyakazi huyohuyo akijibu "I ain't got nothing to feed my kids" tutashtushwa na "ain't" na "nothing" yake, na yeye ndo pekee aliyesema jambo likaeleweka.

Na hiyo "ain't" masikini. Mwaka 1961 Merriam-Webster walipotoa toleo lao la tatu kubwa, mhariri akiwa Philip Gove, magazeti ya Marekani yaliwaka kwa sababu kamusi haikuikemea "ain't" vya kutosha, wakati neno lilikuwemo hata kwenye toleo la 1934. Watu walikasirika kiasi kwamba ikaja kamusi shindani kabisa, American Heritage, 1969, ikiwa na jopo la waandishi wa kupiga kura neno lipi linakubalika. Lakini hebu niulize, "I'm late, aren't I?" tunaikubali sote, mbona hakuna mtu anayesema "I are late"? Ukifuata mantiki "ain't", ambayo ilianza kama ufupisho wa "am not", ina sababu nzuri zaidi ya kuwepo pale kuliko "aren't". Ila "aren't I" ilisemwa na watu wenye heshima zao, basi ikapita.

Sasa yangu mimi. "Could of" kwenye maandishi inanikera. Naelewa inakotoka, ni "could've" imesikika hivyo masikioni, na aliyeandika amesikia vizuri kabisa, lakini kwenye maandishi inamfanya msomaji asimame arudi nyuma, na kumrudisha msomaji nyuma ni kumwongezea mzigo. Kwenye kitabu, barua, ripoti, naisahihisha kila nikiiona. Wala siwaambii vijana waache Kiingereza sanifu, mtihani utawataka nacho, usaili utawataka nacho, mkataba ukikosewa mtu anapoteza haki yake. Kijifunzeni, kishikeni vizuri. Ninachokataa ni kukifanya kipimo cha akili na utu.

Na kwa sisi ambao Kiingereza tumekikuta ukubwani au shuleni, na sisi ndo wengi kuliko waliozaliwa nacho duniani kote, jambo hili lina uchungu wake wa pekee. Mtu ana hoja kikaoni, ameifikiria wiki nzima, anajua mradi utakwama wapi, ananyamaza kwa sababu anaogopa atasema "informations" au "discuss about" na kuna mwenzake, mara nyingi naye amekijifunzia darasani, atacheka. Kikao kinaisha, mradi unakwama palepale. Mimi hiyo nimeiona mara nyingi mno na kila mara naumia. Wahindi walikosa neno la kuufanya mkutano mapema zaidi badala ya kuuahirisha, wakatumia "prepone", kwa mfano wa "postpone", wakachekwa wee, leo limo kwenye kamusi ya Oxford na linafanya kazi ambayo hakuna neno lingine fupi linaifanya. Waliendelea kulitumia huku wanachekwa.

Haya naona karatasi za maswali zimefika hapa mezani, nizisome haraka.

Wa kwanza anauliza, kwahiyo naruhusiwa kuandika "irregardless" kwenye barua ya kuomba kazi? Usiandike. Utakayemwandikia humjui, na wewe unatafuta kazi, andika "regardless" ukapate kazi yako.

Huyu anauliza "gotten" ni kosa? Hapana, ni umbo la zamani la Kiingereza, Wamarekani wameendelea nalo, Waingereza wengi waliliacha ingawa "forgotten" wamebaki nayo na hawaoni tabu.

Mwingine ni mwalimu, anauliza nimsahihishe vipi mwanafunzi bila kumvunja moyo. Mwalimu wangu, msikilize mpaka amalize. Jibu kwanza alichosema, hoja yake, halafu mwambie kwa mtihani hii tunaiandika hivi. Kama anaongea mbele ya wenzake iache mpaka baadaye mkiwa wawili. Na ukikuta kosa linajirudia kwa watoto wengi wa sehemu moja, chunguza, kuna uwezekano mkubwa una kanuni mbele yako, na ukiijua utamfundisha ile nyingine kwa urahisi zaidi.

Ya mwisho, "they" kwa mtu mmoja, mwandishi anasema bosi wake anaikataa, anasema ni wingi. Ipo tangu karne ya 14, Jane Austen kaitumia, shirika la habari la AP liliiruhusu kwa baadhi ya mazingira 2017, Merriam-Webster wakalifanya neno lao la mwaka 2019. Na mwambie bosi kwamba "you" nayo ilikuwa wingi, umoja wake ulikuwa "thou", na mwaka 1660 George Fox, mwanzilishi wa dhehebu la Kikristo la Waquaker, alikasirika kwa maandishi kwamba anayemwambia mtu mmoja "you" ni mpumbavu. Bosi wako ameshakuambia "you" mara ngapi leo?